Subira ya Wengine

Mwaka 2025 ilitimia miaka 100 tangu azaliwe William F. Buckley, Mmarekani aliyeishi kwa kalamu na ulimi wake mpaka alipofariki mwaka 2008. Idara ya Posta ya nchi yake ilimkumbuka kwa kutoa stempu yenye sura yake, na mwaka huohuo kikachapishwa kitabu kikubwa cha maisha yake kilichoandikwa na Sam Tanenhaus. Wapo watakaouliza: bwana huyu anatuhusu nini sisi? Jibu letu ni kwamba anatuhusu, tena kwa sababu mbili. Kwanza, yeye na jarida lake walijiingiza katika mambo ya Afrika wakati ule ule Afrika ilipokuwa ikidai uhuru wake, na hawakuwa upande wa wanaodai. Pili, hoja aliyoitegemea haikuzikwa pamoja naye. Ingali ikisikika kila mahali ambapo aliyeshiba humwambia mwenye njaa kwamba zamu yake haijafika.

Buckley alizaliwa New York tarehe 24 Novemba 1925, mtoto wa sita kati ya kumi wa tajiri wa mafuta. Alihitimu Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1950, na mwaka uliofuata akatoa kitabu cha kuwashutumu walimu wa chuo hichohicho kwamba wanawafundisha vijana kuidharau dini na kuukana ubepari. Mwaka 1954, akishirikiana na shemeji yake L. Brent Bozell, alitoa kitabu cha kumtetea Seneta Joseph McCarthy, ambaye siku hizo alikuwa akiwaandama watumishi wa serikali kwa tuhuma za ukomunisti. Novemba 1955, kabla hajatimiza miaka 30, alianzisha jarida la National Review. Katika toleo la kwanza alitangaza bila kificho kwamba kazi ya jarida hilo ni kusimama mbele ya historia na kuipigia kelele isimame.

Haki lazima itendeke hata kwa mtu ambaye hatukubaliani naye. Buckley hakuwa mtu wa kubahatisha. Wakati alipoanza, wahafidhina wa Marekani, yaani watetezi wa mambo kubaki yalivyokuwa, walikuwa wametawanyika na kila kundi likisema lake. Yeye aliwakusanya. Mwaka 1960 vijana walikutana nyumbani kwa familia yake huko Sharon, Connecticut, wakaunda umoja wao. Mwaka 1964 wenzake wakafanikiwa kumsimamisha Barry Goldwater kugombea urais, akashindwa vibaya. Lakini hawakukata tamaa, na mwaka 1980 Ronald Reagan, aliyekuwa msomaji wa jarida hilo, akashinda. Hiyo ni kazi ya miaka 25 isiyolegea.

Aidha, hakuwakimbia wapinzani wake. Mwaka 1965 aligombea umeya wa New York akapata asilimia 13.4 ya kura. Alipoulizwa atafanya nini kwanza akishinda, alijibu kwamba atadai kura zihesabiwe upya. Kuanzia mwaka 1966 hadi 1999 aliendesha kipindi cha televisheni cha Firing Line, mara zaidi ya 1,500, na humo aliwaalika watu waliompinga waziwazi: Muhammad Ali, Noam Chomsky, Huey Newton wa Black Panther. Ni kweli kwamba mwaka 1968, mbele ya watazamaji wa nchi nzima, alishindwa kujizuia akamtukana mwandishi Gore Vidal na kumtishia kumpiga, baada ya Vidal kumfananisha na Wanazi. Lakini hilo lilikuwa la siku moja. Kosa lake kubwa hakulifanya kwa hasira. Alilifanya kwa utulivu, kwa lugha fasaha, akiwa ameketi mezani pake.

Tarehe 24 Agosti 1957, wakati Bunge la Marekani likijadili muswada wa haki za kiraia, National Review ilichapisha tahariri kuhusu majimbo ya Kusini. Ilisema kwamba Wazungu wa huko walikuwa na haki ya kuendelea kutawala hata pale ambapo wao walikuwa wachache kuliko Weusi, kwa kuwa wao, kwa wakati ule, ndio waliokuwa mbele kwa ustaarabu. Tahariri, kama hii unayoisoma, haitiwi saini. Lakini inajulikana kwamba ile ilikuwa kazi ya Buckley.

Msomaji ayaangalie vizuri maneno hayo, “kwa wakati ule”. Buckley hakusema kwamba Mtu Mweusi asipige kura milele. Alisema asubiri. Asubiri mpaka aelimike, asubiri mpaka desturi zibadilike zenyewe polepole, asubiri mpaka aonekane anafaa. Na nani angepima kama anafaa? Ni yuleyule aliyekuwa akifaidika na kuchelewa kwake. Huko ni kumkabidhi fisi bucha, kisha kumtaka atoe taarifa kama nyama ipo.

Wako wanaomtetea kwa kusema kwamba hayo yalikuwa mawazo ya wakati wake. Utetezi huo hausimami. Wiki mbili baadaye, katika jarida lilelile, shemeji yake Bozell, mhafidhina mwenzake, aliandika kuipinga tahariri hiyo na kukumbusha kwamba Katiba ya Marekani ilikwisha kukataza mtu kunyimwa kura kwa sababu ya rangi. Onyo halikutoka kwa adui wala halikutoka mbali. Lilitoka ndani ya nyumba. Buckley alijibu kwamba basi majimbo ya Kusini yaweke masharti ya elimu, na Mzungu asiye na elimu naye anyimwe kura sawasawa na Mweusi.

Walimu wanaosoma safu hii watalielewa jambo hili upesi kuliko wengine, kwa maana wao wanajua mtihani ni nini. Katika jimbo la Mississippi mwombaji alitakiwa kueleza maana ya kifungu cha katiba ya jimbo, na karani wa uandikishaji ndiye aliyechagua kifungu na ndiye aliyeamua kama maelezo yanaridhisha. Hapakuwa na majibu yaliyoandikwa mahali popote. Karani aliweza kumfelisha Mweusi mwenye shahada na kumpasisha Mzungu aliyesoma kwa kubabaisha. Mtihani wa namna hiyo haupimi elimu. Ni mlango wenye bawabu, na bawabu anatazama rangi ya anayebisha hodi.

Tarehe 18 Februari 1965 Buckley alisimama mbele ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, kujadiliana na mwandishi Mmarekani Mweusi James Baldwin. Hoja ilikuwa kama neema ya Marekani imepatikana kwa hasara ya Weusi wake. Baldwin alizungumza juu ya pamba iliyochumwa na reli zilizojengwa na watu wasiolipwa ujira. Buckley alizungumza kwa ufundi, na alipoingiliwa kuhusu kura za Weusi wa Mississippi alijibu kwamba tatizo la huko si Weusi wachache mno kupiga kura, bali ni Wazungu wengi mno kupiga kura. Watu walicheka. Kura zilipohesabiwa, Baldwin alipata 544 na Buckley 164.

Usiku wa siku hiyohiyo, katika mji mdogo wa Marion, Alabama, askari wa jimbo waliwavamia Weusi waliokuwa wakiandamana kwa ajili ya haki ya kujiandikisha. Mmoja wao, Jimmie Lee Jackson, kijana wa miaka 26, alipigwa risasi, na baada ya siku nane akafa. Kifo chake ndicho kilichozaa maandamano ya Selma ya mwezi Machi, na maandamano hayo yakaharakisha Sheria ya Haki za Kupiga Kura iliyotiwa saini tarehe 6 Agosti 1965. Tunayaweka matukio hayo mawili pamoja kwa makusudi. Katika ukumbi mmoja watu walikuwa wakijadiliana kama haki iharakishwe. Katika mtaa mwingine gharama ya kucheleweshwa kwake ilikuwa ikilipwa kwa damu.

Tena takwimu zipo. Kabla ya sheria hiyo, Weusi walioandikishwa kupiga kura Mississippi walikadiriwa kuwa asilimia 6.7 ya waliostahili. Kufikia mwaka 1967 walikuwa asilimia 59.8. Je, katika miaka miwili hiyo Weusi wa Mississippi walikuwa wamestaarabika ghafla? La hasha. Walikuwa walewale, katika nyumba zilezile, na elimu yao ileile. Kilichobadilika ni kwamba bawabu aliondolewa mlangoni. Hapo ndipo hoja yote ya kutokuwa tayari ilipoanguka.

Sasa tuje kwetu Afrika. Tarehe 11 Julai 1960, siku kumi na moja tu baada ya uhuru wa Kongo, Moise Tshombe alitangaza kwamba Katanga, jimbo la shaba na la kampuni ya Union Minière, limejitenga. Patrice Lumumba, waziri mkuu aliyechaguliwa, aliuawa katika ardhi ya Katanga tarehe 17 Januari 1961. National Review ilisimama upande wa Tshombe na kulaani juhudi za Umoja wa Mataifa za kuirudisha Katanga, jambo lililokamilika Januari 1963. Hapa tunauliza swali moja. Wale waliosema kwamba Mtu Mweusi wa Mississippi hajawa tayari hata kupiga kura, waliwezaje kumwona Mtu Mweusi wa Katanga yuko tayari kuongoza dola? Jibu halihitaji darubini. Utayari haukupimwa kwa elimu wala kwa ustaarabu. Ulipimwa kwa manufaa ya anayepima.

Wazee wetu waliyajua masharti hayo bila kwenda Mississippi. Katika uchaguzi wa Tanganyika wa mwaka 1958 na 1959, raia alitakiwa kuwa na elimu ya darasa la nane, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au wadhifa uliotambuliwa, ndipo aruhusiwe kupiga kura. Na akisharuhusiwa alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Nasi tuliambiwa kwamba hizo zilikuwa hatua za busara kwa watu ambao bado wanajifunza. Mkulima aliyelipa kodi miaka yote hakuulizwa kama amejifunza vya kutosha kulipa.

Mwaka 2004, akiwa mzee, Buckley alikiri katika mahojiano na jarida la Time kwamba alikosea. Alisema alikuwa ameamini kwamba nchi yake ingeweza kutoka katika ubaguzi polepole yenyewe, na kwamba kumbe ilikuwa lazima serikali kuu iingilie. Tunaipokea kauli hiyo kwa heshima, kwa sababu wako wengi waliokufa wakiwa wamefumba midomo. Lakini majuto ni mjukuu. Tangu tahariri ile hadi ungamo hilo ilipita miaka 47. Mtu aliyekuwa na miaka 30 mwaka 1957, akiambiwa asubiri, alikuwa na miaka 77 mwandishi alipotambua kwamba hakupaswa kumwambia hivyo.

Wala tusidhani kwamba Buckley hakuwa na ujasiri wa kubadilika. Mwaka 1962 aliushambulia uongozi wa John Birch Society, kundi la wahafidhina wenzake waliokuwa wakizua njama kila mahali, ingawa alijua atapoteza wasomaji. Mwaka 1978 alijadiliana na Reagan, rafiki yake, akiunga mkono mfereji wa Panama urudishwe kwa wenyewe. Ujasiri alikuwa nao. Katika suala la Weusi hakuutumia upesi kwa sababu kuchelewa hakukumgharimu yeye chochote. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Somo tunaloliona ni hili. Subira yavuta heri, na anayesubiri kwa hiari yake anastahili sifa. Lakini subira anayoihubiri mtu kwa niaba ya mwingine ni jambo la kuchunguzwa. Mtumishi wa serikali anapoandika katika faili kwamba wananchi wa kijiji fulani hawajawa tayari, mwalimu anapotamka mbele ya darasa kwamba mtoto fulani hafai kuendelea, mhariri anapoandika kwamba madai fulani ni ya haki lakini yanakuja mapema, kila mmoja wao hana budi kujiuliza maswali matatu. Nani ameweka kipimo? Nani anafaidika na kuchelewa? Na huyu anayeambiwa asubiri, analipa nini kwa kila siku inayopita?

Pengine jibu la haki litakuwa kwamba kweli kuna jambo la kusubiriwa. Basi na aambiwe muda, apewe sababu, na aonyeshwe mlango wa kukata rufaa. Bila ya hayo, kalamu yetu, hata iwe fasaha kiasi gani, itakuwa inafanya kazi ya karani wa Mississippi. Buckley alipata nafasi ya kuishi hadi uzeeni na kusema kwamba alikosea. Jimmie Lee Jackson hakuipata nafasi hiyo, wala hakuihitaji, kwa maana yeye hakukosea.