Boi wa Kinshasa aseme Kiswahili

Mchuuzi anayepita Kabezi na mawese ya Rumonge kwenda Bujumbura atamwelewa Kourou upesi. Katika filamu ya La vie est belle ya mwaka 1987, Papa Wemba ni mwanamuziki fukara aliyetoka kijijini kutafuta bahati Kinshasa, akaishia kuwa boi wa tajiri. Kumbe tajiri naye anamtaka Kabibi, binti yuleyule aliyemteka Kourou. Bosi ana fedha, boi ana sauti. Vichekesho vinaanzia hapo.

Ndiyo maana haichuji. Inamcheka mwenye nacho bila kumlilia asiye nacho, na muziki wake hauhitaji mkalimani.

Mazungumzo ndiyo yanayomhitaji. Ni ya Kifaransa, ingawa Mwezé Ngangura, aliyeiongoza pamoja na Mbelgiji Benoît Lamy, ni mzaliwa wa Bukavu, mji wa Kiswahili! Papa Wemba alifariki 2016. Kongo ikaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022. Vitenge na dagaa huvuka Ziwa Tanganyika. Wauza filamu wa Uvira, Bujumbura na Kigoma wangeungana kuigharamia sauti za Kiswahili, kwa kibali cha wenye haki, wangepata bidhaa isiyooza njiani.