Maji Yatokayo Motoni

Msomaji, ukisafiri kwa barabara kuu kutoka Naivasha kwenda Nakuru, utauona mlima Eburru upande wako wa kushoto. Ni volkano iliyolala, na kimo chake chapita futi 9,000. Wamasai waliuita mlima wa moshi. Asubuhi yenye baridi jina hilo halihitaji kuelezwa, kwani mvuke hupanda kati ya mashamba kana kwamba kila mwenye shamba anachoma takataka.

Maji ya mito ni haba huko, basi watu huyapata katika mvuke wenyewe. Mkulima hutafuta ufa unaotoa mvuke, akaufunika vema, akatia bomba la chuma lililoinama kidogo. Mvuke upoapo bombani hugeuka maji, yakadondoka katika pipa. Nayo ni maji mazuri. Visima vingi vya Bonde la Ufa vina madini ya floridi, yale yanayoyatia meno ya watoto rangi ya kahawia. Mvuke huyaacha mengi ya madini hayo chini.

Nilipofika huko nilimwuliza mama mmoja kama maji hayo humtosha.

“Bwana karani,” akajibu, “usiku wa baridi pipa hujaa. Jua likiwaka twahesabu matone.”

Zamani za walowezi mvuke huo ulikausha pareto. Umeme ulikuja baadaye: mtambo wa kwanza wa Olkaria, ng’ambo ya kusini, ulianza kazi mwaka 1981, na Eburru ikapata mtambo wake mdogo mwaka 2012.

Wako wasemao kwamba moto wa ardhini hauhitaji miti, kwa hiyo msitu wa Eburru ukikatwa si neno. Mimi sikubali. Moto hauzai maji; mvuke ni mvua iliyozama ardhini, ikakutana na mawe ya moto, ikarudi juu. Ua wa umeme wa kilometa 43 hivi uliokamilika mwaka 2014 kuuzunguka msitu huo hulinda mashamba na wanyama, lakini walinda mapipa pia.

Mama yule alinionyesha bomba lake, limeliwa na kutu hata lavuja mahali pawili. Ataka kuweka jipya kabla ya Januari, jua kali halijaanza.