Ukikwama, Panda Matatu ya Wundanyi

Bango la mteja limekataa kutoka tangu asubuhi? Funga kompyuta. Panda matatu hapo Voi, pitia Mwatate, uelekee Wundanyi, na simu ibaki mfukoni. Hapo kwa simu ndipo wengi tunafeli: kila dakika ya kutulia tunaijaza TikTok, halafu tunalia eti ubunifu umekauka.

Henri Poincaré, mwanahisabati Mfaransa, alisimulia mwaka 1908 jinsi jibu lilivyomjia akikanyaga ngazi ya basi mjini Coutances, wala hakuwa akilifikiria. Lakini usidanganyike. Kabla ya hapo alihangaika mezani siku 15, kila siku saa moja au mbili. Akili ya ndani haipiki sufuria tupu.

Na nyinyi mabosi, mkimkuta kijana anaangalia tu milima ya Sagalla dirishani, mpeni dakika kumi kabla ya kumwita mvivu.