Malighafi Kwanza, Msanii Baadaye: Kuhusu Utafiti wa Wanafunzi wa Sanaa

Mwanafunzi wa uchoraji au uchongaji anapolalamika kwamba hana ilhamu, aghalabu hushauriwa achague msanii mmoja, amfanyie utafiti, kisha arudi na kazi yake mwenyewe. Ushauri huo si mbaya. Kasoro yake imo katika jinsi unavyotekelezwa. Mwanafunzi hurudi na kurasa mbili za wasifu, tarehe ya kuzaliwa ya msanii, picha tatu zilizonakiliwa, na mchoro unaofanana na picha mojawapo kiasi cha kumtia mwalimu aibu. Hapo husemwa kwamba kijana hana kipaji. Makala haya yanadai kwamba tatizo ni mpangilio wa utafiti wenyewe: umeanza na msanii wakati ulipaswa kuanza na malighafi.

Mfano ulio karibu zaidi ni wa Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora jijini Dar es Salaam mwaka 1968 na kufariki mwaka 1972. Mwanafunzi anayemtafiti kupitia picha peke yake huona chui, ndege na rangi kali. Naye huchora chui, ndege na rangi kali. Anayeanza na malighafi hukutana na mambo mengine kabisa. Tingatinga alichora juu ya hadibodi, yaani bao la kupigia dari, kwa rangi ya kung'aa iliyotumika kupaka baiskeli. Rangi hiyo hufunika kabisa kilicho chini yake, wala haikubali kuchanganywa taratibu juu ya ubao ili kuleta kivuli na mwanga, kama ifanyavyo rangi ya mafuta ya wachoraji wa Ulaya. Tabaka la chini sharti likauke kwanza. Basi mandhari ya nyuma hupakwa rangi moja au mbili zilizotulia, mnyama huwekwa juu yake akiwa na kingo zilizo wazi, na madoa huja mwisho. Yale ambayo baadhi ya wahakiki waliyaona kuwa usahili wa kitoto ni, kwa sehemu kubwa, mantiki ya rangi ya baiskeli.

Hata ukubwa wa picha una la kusema. Nyingi zilikuwa mraba wa takriban sentimita 60, yaani futi 2. Mwanafunzi akichukua bao la kawaida la futi 4 kwa 8 na kulipima, atakuta kwamba hutoa miraba 8 ya futi 2 bila kubakiza kipande. Huenda hilo silo lililomwongoza msanii, lakini ni swali ambalo wasifu haukuliuliza, na mwanafunzi aliyefika hapo amekwisha kuacha kunakili. Sasa anaweza kujiuliza: katika mtaa wake yeye, ni bao gani lililo rahisi, na ni rangi gani iliyokusudiwa kazi nyingine?

Mpingo nao hufundisha hivyo hivyo. Mti huu huzama majini kwa uzito wake, hupasuka ukikaushwa kwa haraka, na shina lake kwa kawaida ni jembamba na lililopinda. Mchongaji wa Kimakonde anayeshika tezo na patasi hapewi gogo lililonyooka. Hupewa pindo, tundu, na tofauti ya rangi baina ya kiini cheusi na mti mweupe wa nje. Umbo hutafutwa humo. Kumtaja Samaki Likankoa kuwa mwasisi wa mtindo wa shetani katika miaka ya 1950, bila kuligusa gogo lenyewe, ni kueleza nusu ya habari.

Wapo watakaopinga kwamba njia hii inaishusha sanaa iwe ufundi wa karakana, na kwamba itawafunga wanafunzi katika desturi za wazee. Hofu ya kunakili ni ya haki. Elimo Njau, mmoja wa waanzilishi wa Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965, anajulikana kwa msimamo wake mkali juu ya jambo hilo. Lakini malighafi haimfungi mtu. Nguo ya magome ya Baganda, itwangwayo kutokana na gome la mutuba na kutambuliwa na UNESCO mwaka 2005, ni ya kale sana. Hata hivyo Sanaa Gateja wa Uganda huishonea shanga za karatasi zilizokwisha kutumika, na hakuna awezaye kusema kwamba amewaiga watwangaji.

Lipo suala jingine ambalo idara za Kiswahili haziwezi kulikwepa. Mwanafunzi huwahoji wachongaji wa Mwenge kwa Kiswahili, kisha huandika ripoti yake kwa Kiingereza. Kinachopotea katikati si mapambo ya lugha. Binadamu, ujamaa, shetani, mawingu: haya ni majina ya mitindo, nayo hutumika katika mazungumzo ya wachongaji wenyewe. Kwa maneno mengine, istilahi za uhakiki zimekwisha kuzaliwa karakana wakati wataalamu wangali wakiziunda maktabani (na nyingine, ikubalike, hazitamkiki). Ingefaa basi kila ripoti ya utafiti wa malighafi iambatishwe na orodha ya maneno ya karakana pamoja na maelezo yake, isahihishwe na mwalimu wa Kiswahili, na itolewe alama. Kwa sasa, mwanafunzi aliyesikia "mawingu" huandika neno la kigeni lenye maana ya sanaa isiyoiga umbo la kitu chochote. Neno hilo humwambia msomaji kile ambacho kinyago hakikufanya. Mchongaji alikuwa amekwisha kumwambia kilichofanyika: gogo limetobolewa, likaviringwa na kukunjwa, hadi kitu kizito kuliko maji kikaonekana kuelea.