Mpira, Ozoni na Lugha ya Sayansi

Wapo walimu wanaoshikilia kwamba Kiswahili kikifika kwenye molekuli hukwama. Dai hili nimelisikia mara nyingi makongamanoni, na aghalabu hutolewa bila mfano. Naomba kutoa mfano mmoja: nyufa za mpira.

Tazama ubavu wa tairi kuukuu lililokaa nje miaka mingi. Utaona nyufa ndogo ndogo, hasa pale mpira ulipovutika. Mwanafunzi akiulizwa sababu hujibu kuwa ni jua. Hilo ni nusu ya jibu. Adui mwingine ni ozoni, gesi ambayo molekuli yake ina atomu tatu za oksijeni badala ya mbili. Ozoni iliyo juu sana angani hutukinga na miali mikali ya jua. Iliyo karibu na ardhi huzaliwa mwanga wa jua unapoukuta moshi wa magari. Kiasi kidogo mno chatosha kuupasua mpira uliovutwa.

Kwa nini? Mpira asilia, utokao katika utomvu wa mti, ni minyororo mirefu ya atomu za kaboni. Katika kila pingili ya mnyororo, atomu mbili zimeshikana kwa kifungo maradufu. Kwa sababu ya kifungo hicho, salfa hupata pa kushika mpira unapopikwa, nao ukawa imara. Njia hiyo aliigundua Charles Goodyear mwaka 1839. Lakini papo hapo ndipo ozoni inapoingilia na kuukata mnyororo. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mwaka 1930 watafiti wa kampuni ya DuPont, Marekani, walitengeneza neoprini, mpira sanisi wenye atomu ya klorini kwenye kifungo hicho. Klorini hukifanya kifungo kisishambuliwe kwa urahisi. Katika miaka ya 1960 ukaingia sokoni mpira wa ethilini na propilini. Uti wa mgongo wa mpira huu hauna kifungo maradufu hata kimoja. Vile vichache vinavyohitajiwa na salfa vimewekwa kando, mithili ya matawi. Ozoni ikilikata tawi, shina husalia. Mpira huo ukichanganywa na masizi yanayonyonya miali ya jua, hustahimili jua na mvua kwa miaka mingi. Ndiyo sababu hutumiwa kuziba kingo za milango na madirisha ya magari.

Je, Kiswahili kimekwama wapi? Mnyororo, pingili, kifungo, shina na tawi ni maneno yetu ya kila siku. Atomu na klorini tumeyakopa, kama Waingereza walivyokopa kutoka Kigiriki. TUKI ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na Katiba ya Kenya ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi.

Sisemi mitihani ya sayansi ibadilishwe kesho. Nasema mwalimu wa kemia asione haya kufafanua kwa Kiswahili dhana ambayo mwanafunzi ameikariri kwa Kiingereza bila kuielewa. Anayekariri huenda akapata alama zote, na bado asijue kwa nini tairi la baba yake limepasuka. Huyo hatujamfunza kemia.