Mzaha Usio na Mwenyewe

Mnamo Novemba 1969 televisheni ya London Weekend, huko Uingereza, ilianza kuonyesha mchezo wa kuchekesha uitwao Curry and Chips. Spike Milligan, ambaye ni mzungu, alijipaka rangi ya kahawia akaigiza mfanyakazi wa kiwandani kutoka Pakistani, aliyeshikilia kuwa ana damu ya Ayalandi. Wenzake kiwandani walimwita majina ya kumtweza. Baada ya vipindi sita, halmashauri iliyosimamia televisheni za biashara iliamuru mchezo huo uondolewe.

Yafaa wakati wenyewe ukumbukwe. Wahindi wengi wa Kenya wenye pasipoti za Kiingereza, Waislamu wakiwamo, walikuwa wamekimbilia Uingereza, na Machi 1968 Bunge la huko lilipitisha haraka sheria ya kuwazuia. Basi aliyecheka sebuleni alikuwa akimcheka jirani aliyeshuka ndegeni juzi.

Watetezi wa mchezo walisema lengo ni kuwasuta wabaguzi. Hoja hiyo ina upungufu. Anayesutwa alipewa maneno matamu ya kuchekesha. Anayetukanwa hata mdomo wake haukuwa wake, bali wa Milligan. Wala amri ya kuuondoa haikuponya ugonjwa. Mwaka 1974 BBC ilileta It Ain't Half Hot Mum, na Michael Bates naye akapakwa rangi kuigiza Mhindi.

Tusidhani hayo ni ya Waingereza peke yao. Mwananchi wa Mbumbuni, kule Makueni, amezoea kusikia wachekeshaji wa Kenya wakimgeuza Mkamba kichekesho kwa lafudhi na kwa uchawi. Sisi wa pwani hucheka mpaka machozi. Akiletwa jukwaani Mswahili mvivu mwenye majini, tunanuna. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Sura ya Al-Hujurat imekataza watu kudharau watu wengine, na kuitana kwa majina mabaya. Haikusema Waislamu wa pwani wasidharauliwe, wengine shauri yao.

Mkamba akijicheka mwenyewe, hiyo ni haki yake, naye ndiye ajuaye mpaka uko wapi. Kabla hatujaomba mzaha juu yetu upigwe marufuku, tuanze kwa kutoucheka ule wa Mbumbuni.