Kitufe Chekundu Si Fundi



Kila penye boila au tanuri la mafuta pana kitufe chekundu. Moto ukizimika na mtambo ukijifunga, mtu wa zamu hukibonyeza ili moto uwake tena. Katika viwanda vingi hayo ndiyo mafunzo yote anayopewa: "Ukizimika, bonyeza." Sisi twasema mafunzo hayo hayatoshi, na tena yaweza kuua.

Mwenzetu mmoja, katika kiwanda ambacho hatutakitaja jina, alikuwa zamu ya usiku. Saa nane moto ukazimika. Akabonyeza; mota ikazunguka, moto haukuwaka, mtambo ukajifunga. Akampigia simu msimamizi, akajibiwa, "Bonyeza tena, mvuke unahitajika." Akabonyeza mara ya pili, ya tatu, ya nne. Mara ya tano moto uliwaka, lakini haukuwa moto wa kazi. Ulilipuka, ukasukuma mlango wa tanuri, ukamchoma uso na mikono. Ripoti ya kiwanda iliandika: "Uzembe wa mfanyakazi." Twauliza, uzembe wa nani?

Ili kujibu swali hilo yatupasa kwanza kujua mtambo wenyewe unafanyaje kazi. Si jambo gumu, wala si siri ya mainjinia.

Mafuta ya tanuri yakiwa ndani ya ndoo hayashiki moto upesi. Sharti yapasuliwe yawe kama ukungu, na ukungu huo uchanganywe na hewa. Pampu huvuta mafuta kutoka tangini, huyapitisha kwenye chujio, kisha huyasukuma kwa presha ya bar 7 au zaidi, yaani ratili 100 na kuendelea kwa kila inchi mraba. Mafuta hutokea katika tundu dogo sana la nozeli, yakatawanyika. Yale mafuta mazito meusi hayapiti hivi hivi. Sharti yapashwe moto kwanza, hata kufika digrii 100 au kupita, ili yawe mepesi. Feni nayo huleta hewa, na hewa inayohitajika ni nyingi: kila kilo moja ya mafuta hutaka kilo 14 hivi za hewa. Transfoma huongeza umeme wa kawaida ukawa kama volti 10,000, na cheche huruka baina ya vijiti viwili mbele ya nozeli.

Mwisho kuna jicho. Jicho hili hutazama kama moto umewaka kweli. Mtambo unapoanza, feni hupuliza peke yake kwanza ili kufagia mvuke wa mafuta uliobaki ndani. Halafu cheche. Halafu vali hufunguka na mafuta huingia. Jicho hupewa sekunde chache tu. Lisipoona mwanga, vali hufungwa na mtambo hujifunga wenyewe. Basi kitufe chekundu kikikuita, maana yake ni hii: mafuta yameingia, na moto haukuonekana.

Sasa ndugu msomaji aona wazi lililompata mwenzetu. Kila alipobonyeza, mafuta ya sekunde kadhaa yaliingia tanurini, hayakuwaka, wala hayakutoka. Yalilala juu ya matofali ya moto yakageuka mvuke, mwingi kupita uwezo wa feni kuufagia. Mara ya tano cheche ilipopatikana, iliwasha mafuta ya mara zote tano kwa pamoja. Kesho yake fundi alifungua akakuta kauri ya kijiti kimoja cha cheche imepasuka, kipande kinachoshikwa kwa vidole viwili. Mtambo ulisema mara nne kwamba una ugonjwa. Aliyekuwa karibu nao hakufundishwa lugha yake, na aliyekuwa kwenye simu alitaka mvuke.

Twaja kwenye utunzaji. Kichomeo hakitaki mengi, lakini chataka kwa wakati wake. Kabla ya kukigusa, swichi kubwa izimwe na kufungwa kwa kufuli, bomba la mafuta lifungwe, tanuri lipoe, na sakafu yake itazamwe kama kuna mafuta yaliyolala. Chujio lisafishwe au libadilishwe. Maji yaliyotuama chini ya tangi yatolewe. Jicho lipanguswe kwa kitambaa laini, maana jicho lenye masizi ni jicho la kipofu. Kauri zitazamwe kama zina ufa, na nafasi ya vijiti ipimwe kama kitabu cha mtambo kinavyosema. Mabawa ya feni yaondolewe vumbi.

Nozeli isichokolewe kwa waya wala sindano. Twawaona wenzetu wakifanya hivyo kwa nia njema, lakini tundu likikwaruzwa kidogo tu ukungu huenda upande, mafuta hupiga ukuta, na masizi huota kama uyoga. Nozeli iliyochakaa hubadilishwa kwa nyingine yenye namba zile zile, za kiasi cha mafuta na za pembe ya ukungu. Si yoyote iliyopatikana dukani.

Hata mahali pana neno lake. Hewa ya Nairobi ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja ya sita, kwa sababu ya urefu wa nchi. Kichomeo kilichorekebishwa pwani kikaletwa bara bila kupimwa upya hukosa hewa, na dohani hutoa moshi mweusi. Moshi mweusi ni mafuta ya mwajiri yanayoruka angani bila kuwaka sawasawa. Tena penye uhaba wa hewa pana ile hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo humlaza mtu asiamke. Kwa hiyo madirisha ya chumba cha boila yasizibwe kwa magunia ati kwa sababu ya baridi ya usiku.

Waajiri hutuambia: "Tuna fundi wa mkataba, nyinyi msiguse." Twakubali kwamba kupima moshi na kurekebisha hewa ni kazi ya mwenye vyombo na ujuzi. Lakini fundi wa mkataba halali kiwandani. Saa nane za usiku aliye mbele ya moto ni mwanachama wetu. Na waajiri hao hao wanaoahirisha kununua chujio na nozeli ndio watuambiao kwenye meza ya mazungumzo kwamba bei ya mafuta imemaliza pesa za nyongeza. Tungependa siku hiyo daftari la boila liwe juu ya meza pia.

Lakini haki ni haki, na sisi pia tuna makosa. Wako miongoni mwetu wanaolimulika jicho kwa tochi ili mtambo udhani moto upo. Huko ni kumfumba macho mlinzi wako mwenyewe. Wako pia wajuao kazi wanaoficha ujuzi ili waonekane wa lazima. Huyo hamkomeshi meneja, amkomesha mwenzake wa zamu inayofuata.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yasema mfanyakazi akiona hatari kubwa amwarifu msimamizi wake, na mwajiri asimlazimishe kurudi penye hatari hiyo mpaka irekebishwe. Kadhalika waajiri hulipa ushuru wa mafunzo, shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, na mafunzo yaliyoidhinishwa na NITA yaweza kurudishiwa gharama kutoka humo. Basi asiseme mtu kwamba pesa za kufundisha hakuna.

Maoni yetu ni haya. Kwanza, kila mtu wa boila afundishwe saa za kazi, kwa lugha aielewayo, apelekwe kwenye mtihani wa ufundi, na akifaulu mshahara wake ufuate cheti chake. Pili, kuwe na daftari ambamo kila kujifunga kwa mtambo kunaandikwa, saa na sababu. Tatu, siku ya utunzaji ipangwe na spea ziwepo kabla ya siku hiyo. Nne, na hili ndilo kubwa: kitufe kibonyezwe mara moja tu. Moto usipowaka, mafuta yafungwe na fundi aitwe, na asiwepo wa kuadhibiwa kwa kukataa kubonyeza mara ya pili.

Wajumbe wetu walipeleke neno hili kwenye kamati ya usalama ya kila kiwanda. Sheria yataka kamati hiyo iwepo penye wafanyakazi 20 au zaidi. Ambako haipo, hapo ndipo pa kuanzia. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa kauri ile ulikuwa mwembamba kama unywele, na mwenzetu mpaka leo hawezi kukunja vidole vya mkono wa kuume.

Umoja wetu ndio ngao yetu.